Ruta Inayolala Kabatini

Jua likishazama, wakati watu wengine mtaani wanawasha taa na kuulizia chakula, Mzee Stoo huchukua funguo. Jina hilo alilipata kwenye karakana ya mabasi, alikotunza vifaa miaka mingi, na lilimganda hata baada ya kustaafu, kwa sababu karakana aliiacha lakini stoo hakuiacha. Aliihamishia nyumbani. Kila jioni alianza na geti, akaja dirisha la jikoni, akapita mlango wa nyuma na kuuvuta mara ya pili kana kwamba mara ya kwanza ulimdanganya, kisha akamalizia sebuleni, kwenye kabati lake la chuma.

Kabati hilo alipewa siku ya kuagwa. Wenzake waliostaafu pamoja naye waliondoka na saa za ukutani. Yeye aliomba kabati. Lilikuwa la kijivu, zito, na mlango wake alikuwa ameuzungushia mpira pembeni ili vumbi lisiingie. Juu ya hayo alikuwa amefunga springi nene, ili kama kuna msahaulifu atakayeuacha wazi, mlango ujirudi wenyewe. Ndani mlikaa hati za nyumba, drili, redio ya zamani na chupa ya chai ya wageni. Tangu nyumba ilipoungwa intaneti, mle ndani mlilala pia ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti.

Mchana ruta ilikaa juu ya kabati, taa zake zikipepesa kijani. Jioni Mzee Stoo aliichomoa, akaishusha, akaiweka kati ya drili na chupa ya chai, akaichomeka upya. Nyaya zilipita kwenye tundu alilolitoboa mgongoni mwa kabati, nalo alikuwa amelivika mpira ili chuma kisizichubue. Ilikuwa kazi safi. Hata fundi wa intaneti angeisifu, ila hakuwahi kuonyeshwa. Katika karakana, mahali kitu kinapolala alipajua mtunza stoo peke yake, na Mzee Stoo hakuona kwa nini nyumbani iwe vingine.

Mkewe, aliyemkuta jioni moja akiilaza, alimuuliza, mara moja tu, "Haitakosa hewa humo?"

"Hiyo ni waifai, mama watoto. Inapita ukuta wa tofali, itashindwa na bati?"

Mkewe aliona hoja ina mantiki, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Basi kila jioni intaneti ya nyumba ile ilitambaa. Mchana ilikwenda vizuri, lakini mchana hakukuwa na mtu wa kuishangilia. Kijana wao mkubwa alikuwa kinyozi, na mke wa kijana huyo, ambaye wote walimwita Mkwe, alikuwa akihangaika mjini kununua nguo za kuuza. Jioni ndipo walipokutana wote. Kinyozi alitaka kutazama mpira. Mkwe alitaka kuonyesha nguo zake mubashara kwa wateja waliokuwa wametoka kazini na miguu yao wameinyoosha. Mama, mkewe Mzee Stoo, alikuwa na tamthilia yake ya jioni, na katika tamthilia hiyo daktari mmoja alikuwa ameanza kufungua mlango tangu wiki iliyopita na hajaingia mpaka leo, kwa sababu kila alipogusa kitasa, kile kiduara cha kusubiri kilianza kuzunguka.

"Huyu daktari," alisema mama, "mgonjwa atapona mwenyewe kabla hajafika."

Hayo yangeweza kuvumilika. Jambo lisilovumilika lilimhusu kitinda mimba wao.

Kitinda alikuwa nesi katika mji wa mbali, na huko alikuwa amempata kijana wa kumwoa. Kijana alikuwa mpole, dereva wa gari la wagonjwa, na baba yake alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Mwalimu hakuwa na masharti mengi. Alitaka neno moja tu kutoka kwa baba wa binti, alisikie kwa masikio yake, ndipo familia mbili zipange siku. Safari ilikuwa ndefu kwa wazee wa pande zote, hivyo wakakubaliana waonane kwa video. Mchana haikuwezekana, kwani vijana wote wawili walikuwa kazini. Ikawa jioni.

Mara ya kwanza Mzee Stoo alivaa koti, akakaa katikati ya kochi, akasafisha koo. Alifika kwenye "Ndugu wakwe zetu watarajiwa," na hapo picha ikaganda. Upande wa pili walimwona jicho moja limefumba, jingine limetazama dari, na mdomo umeachama kama wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Alikaa hivyo mpaka simu ikakatika. Kwa bahati mbaya Kitinda aliipiga picha ile sura ili amwonyeshe baba yake tatizo lilivyo, akaituma kwenye kundi la familia, na kufika asubuhi Mkwe alikuwa ameigeuza stika. Tangu hapo, mtu akitaka kusema kachoka, alituma baba mkwe.

"Mnanifanyia hivi na bado nala nanyi meza moja," alisema Mzee Stoo.

"Baba, sisi tunakupenda," alisema Mkwe. "Hata wateja wangu wanakupenda."

"Wateja gani?"

Mkwe akakumbuka kwamba kuna nguo hajaianua.

Mara ya pili haikuwa bora. Alipofika palepale kwenye kutamka neno, picha ikafa. Siku iliyofuata Kitinda akapiga simu ya kawaida, na sauti yake haikuwa na utani.

"Baba, Mwalimu anauliza kama kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Anasema kila ukifika kwenye neno lenyewe, unakata. Anasema labda hutaki na unaona haya kusema. Amesema tujaribu Jumamosi hii. Ikishindikana, wao wataliacha jambo lipoe mpaka mwakani, ufikirie vizuri. Baba, unataka au hutaki?"

"Nataka," alisema Mzee Stoo. "Mwambie nataka."

"Nimemwambia. Anasema anataka akusikie wewe."

Alipokata simu aliivua kofia, akaigeuzageuza mkononi. Alikuwa mtu aliyesimamia neno lake maisha yake yote, na sasa mtu asiyemjua alidhani analikwepa, kwa sababu ya kisanduku chenye taa.

Akamwita fundi wa intaneti. Fundi alikuja asubuhi na kompyuta yake mgongoni, akaitazama ruta juu ya kabati, akapima, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzee wangu, hii inakimbia kama imeiba."

"Njoo uione jioni."

"Jioni hata mimi niko nyumbani, mzee wangu, naisubiri ya kwangu ifunguke." Fundi alianza kukunja nyaya zake. "Jioni ndivyo ilivyo. Mtaa mzima mnarudi, mnafungua kwa pamoja. Fikiria bomba la maji, kila nyumba imefungulia. Punguzeni matumizi. Na hii iwekwe juu juu, mahali salama."

"Iko mahali salama," alisema Mzee Stoo, na hakuongeza neno, kwani mpaka hapo fundi alikuwa amejua ya kutosha kuhusu nyumba ya watu.

Jioni ile, kabla sahani hazijaondolewa mezani, alitangaza utaratibu. Kuanzia leo, intaneti ya jioni itatolewa kwa zamu. Mpira utasikilizwa redioni, kama wanaume wa zamani walivyousikiliza na wakaoa na wakazaa. Nguo ziuzwe mchana. Tamthilia itapumzika.

"Mchana wateja wangu wanaangaliwa na mabosi wao, baba," alisema Mkwe.

"Basi wauzie mabosi."

"Na mimi?" aliuliza mkewe. "Daktari wangu nimwache mlangoni?"

"Amekaa pale wiki nzima, atakaa na nyingine."

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno machache. "Tutumie bando la simu yangu siku hiyo, baba. Yaishe."

"Nalipia intaneti ya nyumba hii kila mwezi," alisema Mzee Stoo, "halafu niongee na wakwe zangu kwa bando la kuazimwa? Waulize, huyu baba wa bibi harusi ana nini? Waambiwe, ana bando la mwanawe?"

Basi zamu zikaanza. Nyumba iliingia ukimya wa ajabu. Jioni Mzee Stoo alipita vyumbani na funguo zake, akitega sikio kwenye milango kama anayetafuta bomba linalovuja. Alimkuta mwanawe amelala chali anasikiliza mpira redioni huku uso wake ukionyesha mateso. Alimkuta Mkwe anawaandikia wateja ujumbe mmoja mmoja. Alimkuta mkewe hafanyi kitu, amekaa tu anamtazama, na hilo lilimsumbua kuliko yote.

Na intaneti haikupona. Kila alipoijaribu jioni, nyumba nzima ikiwa imezimwa, kiduara kilizunguka vilevile. Mzee Stoo akaanza kuwashuku majirani. Alisimama getini akaitazama nyumba ya pili, madirisha yake yakimeta bluu kwa runinga, akafikiri kwamba wale watu wananywa intaneti kupita kiasi.

Jumamosi ikafika. Jua likazama, naye akazunguka kama kawaida: geti, dirisha la jikoni, mlango wa nyuma, mlango wa nyuma tena, kabati. Akailaza ruta mahali pake. Akafunga. Kisha akavaa koti, akachana nywele zilizobaki, akaagiza simu zote zizimwe na kuwekwa kwenye beseni la plastiki ambapo angeziona. Kompyuta ya Mkwe iliwekwa kwenye meza ndogo mbele ya kochi. Kabati lilikuwa pembeni ya kochi, karibu kabisa na bega lake la kulia.

Saa mbili usiku nyuso zikaanza kutokea kwenye kioo. Kitinda alikuwa peke yake katika kisanduku kimoja, bado amevaa sare ya kazini. Katika kingine walikuwa Mwalimu, mkewe, kijana mwenyewe, na bibi kizee aliyejifunga mtandio, mama yake Mwalimu. Walitokea vipande vipande. Paji la uso la Mwalimu lilifika kwanza, kidevu kikafuata baadaye.

"Shi... moo... ba..." alisema kijana.

"Marahaba," alisema Mzee Stoo, akiikisia.

Akaingiza mkono mfuko wa koti kutafuta miwani. Mfuko ulikuwa mtupu. Akapapasa mwingine. Hapo akakumbuka: wakati anailaza ruta aliivua miwani, akaiweka juu ya chupa ya chai ya wageni, ndani ya kabati. Bila miwani asingejua anaongea na Mwalimu au na pazia.

Akanyanyuka, akatoa ufunguo, akafungua mlango wa kabati.

"...na ndiyo maana nasema, sisi kwetu binti huyu ni mgeni wa heshima kubwa," ilisema sauti ya Mwalimu, nzito na safi, kana kwamba mtu ameingia sebuleni.

Wote wakageuka. Kwenye kioo Mwalimu alikuwa mzima, kidevu na paji la uso mahali pamoja. Nyuma yake mtu angeweza kuhesabu maua ya pazia.

"Heee," alisema mama. "Imefunguka."

Mzee Stoo akachukua miwani, akauachia mlango. Springi ikafanya kazi yake. Mlango ukajifunga kwa mlio ule laini aliokuwa akiupenda. Mwalimu akaganda, kidole juu, nusu ya neno mdomoni.

Mkono wa Mzee Stoo ulielewa kabla ya kichwa. Ulirudi wenyewe kwenye mlango, ukaufungua. Mwalimu akashusha kidole na kuendelea. Mkono ukaulegeza mlango kidogo, ujaribu. Sauti ikaanza kukatakata. Mkono ukaufungua tena, mpaka mwisho, na safari hii ukaganda hapo.

Joto likampanda kutoka kwenye kola ya koti hadi masikioni. Zamu. Mpira wa redioni. Daktari mlangoni. Majirani wanaokunywa kupita kiasi. Beseni la simu lilikuwa pale mbele yake, limejaa, kama ushahidi. Kuitoa ruta sasa isingewezekana bila kuichomoa, na kuichomoa ni kukata simu tena, palepale kwenye neno, mara ya tatu. Kuweka kiti kuzuia mlango kungewezekana, lakini kungehitaji maelezo, na maelezo hayo hakuwa tayari kuyatoa mbele ya mtu aliyemgeuza stika.

Basi akasimama. Mkono wa kulia ameunyoosha na kuukandamiza mlango wa kabati, mkono wa kushoto ameuweka kifuani, kidevu juu. Akatumaini inaonekana kama heshima.

"Ndugu wakwe zetu watarajiwa," alisema.

Upande wa pili pakawa na mnong'ono. Kisha Mwalimu akainuka kwenye kiti chake.

"Baba amesimama kutuheshimu," aliwaambia watu wake. "Na sisi tusimame."

Akasimama mkewe. Akasimama kijana. Kitinda, peke yake kule, akasimama pia, uso wake ukaondoka kwenye kioo ikabaki sare tu mpaka alipoinua simu. Hata bibi kizee akaanza kujikongoja, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la mjukuu wake.

"Mama, wewe kaa," alisema Mwalimu.

"Nikae, mwenzangu amesimama?"

Sasa, hotuba ya Mzee Stoo ilikuwa imetayarishwa kwa watu waliokaa. Ilianza na babu yake mzaa baba, ikapita kwa bibi, ikaingia karakana, ikaeleza umuhimu wa uaminifu katika utunzaji wa vipuri, ndipo ikamfikia Kitinda. Alimtazama bibi kizee akitetemeka magoti kwa ajili yake. Akaiacha yote.

"Sitasema mengi," alisema. Nyuma yake mtu alikohoa, na alijua ni mkewe. "Mimi nimetunza vitu vya watu maisha yangu yote. Kila kilichotoka mikononi mwangu, nilimtaka anayekichukua aweke saini. Kwa huyu binti sitaki saini. Nawaomba kitu kimoja. Mkimwona yuko kimya, msidhani ameridhika. Hasemi mpaka aulizwe, tangu mdogo. Muulizeni." Springi ilikuwa ikimvuta bega, akaukaza mkono. "Kijana nimemwona, nimempenda. Mimi nataka. Pangeni siku."

Wote sebuleni walitazama kama picha imeganda. Haikuwa imeganda. Kitinda alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa sare, na kila tone lilionekana.

"Nimesikia," alisema Mwalimu. "Nimesikia vizuri sana. Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani unatukwepa."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakwepwa na mtandao," alisema Mzee Stoo.

Wakapanga siku. Kulikuwa na mazungumzo ya nani atafika lini na nani atalala wapi, nayo yakachukua muda, na muda wote huo Mzee Stoo hakuketi. Bibi kizee alikuwa amesharudishwa kitini. Mara mbili Mwalimu alimwambia, "Kaa sasa, mkwe wangu, inatosha," naye akajibu kwamba yuko vizuri tu hivyo. Mkewe Mwalimu alisikika akisema kwamba hajapata kuona mtu mwenye adabu kiasi kile.

Walipoagana na kioo kuwa cheusi, akauachia mlango, ukajifunga kwa kishindo. Mzee Stoo akaketi kwenye kochi akiusugua mkono.

"Leo imekubali," alisema kinyozi, akiitoa simu yake kwenye beseni. "Sijui wamefanya nini."

"Wamerekebisha huko kwao," alisema Mzee Stoo. "Fundi nilimwambia wazi."

"Ilikuwa inakatika, ikarudi, ikakatika, ikarudi," alisema Mkwe polepole, akilitazama kabati. "Kama mlango vile."

"Ndivyo wanavyorekebisha. Wanajaribu kwanza."

Mkwe akamtazama mama mkwe wake. Mama alikuwa akikunja kitambaa cha meza kwa makini, midomo ameibana kama mtu aliyeshika pini za kushonea.

Kesho yake mchana, wengine wakiwa kazini, mlio wa drili ulisikika sebuleni. Jioni Mzee Stoo alizunguka na funguo: geti, dirisha, mlango wa nyuma, mlango wa nyuma tena. Alipofika kwenye kabati alilifunga, akaendelea zake. Ruta ilibaki juu, taa zikipepesa hadharani. Mnyororo mwembamba, uliopitishwa kwenye tundu jipya la kabati, uliizunguka, na mwisho wa mnyororo huo kulikuwa na kufuli lililokaribia kuizidi ruta yenyewe kwa ukubwa.

Zamu zikafutwa bila tangazo. Mpira ukarudi, Mkwe akauza mitandio mpaka ikaisha, na daktari, baada ya muda wote ule, akaingia ndani, akakuta mgonjwa ameshahama hospitali. Fundi wa intaneti alipopiga simu kuulizia hali, Mzee Stoo alimjibu kwamba yeye na intaneti wameelewana.

Mkewe alingoja siku mbili. Kisha alimletea chai baada ya chakula, kwenye chupa ya wageni, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Aliiweka mezani. Halafu akarudi hatua mbili, akaunyoosha mkono wa kulia akaubandika kwenye mlango wa kabati, akaweka wa kushoto kifuani, akainua kidevu.

"Ndugu wakwe zetu watarajiwa," alisema.

Mzee Stoo akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta sana, kwa ncha ya shati, mpaka mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.